Kutoka Hongo hadi Tozo: Mfuko na Jembe katika Njia ya Ujiji

Leo ukisema fulani amekula hongo, umemtuhumu kosa la jinai. Neno limechafuka, hata anayelitamka hushusha sauti. Miaka 150 iliyopita mtu aliyetoka Bagamoyo kwenda Ujiji alilipa hongo mchana kweupe, mbele ya wazee, na mapatano yalipokamilika ngoma ililia ili kila aliye karibu ajue kwamba msafara umelipa na una ruhusa ya kwenda zake. Hongo ilikuwa ushuru wa njia. Mwenye nchi alitoa maji, chakula na amani. Mpita njia alitoa nguo, shanga na waya wa shaba. Ilikuwa fedha ya barabara, na kila mtu alijua nani anaipokea na kwa ajili gani.

Nimeifuata njia hiyo kwa vipande, mwaka huu kipande hiki na mwaka mwingine kile, kwa basi, kwa treni, na pengine nyuma ya pikipiki. Kilomita 1,200 hivi, kutoka baharini hadi Ziwa Tanganyika, zimepita mikononi mwa watemi, Sultani wa Zanzibar, Wajerumani, Waingereza na Serikali yetu wenyewe. Kila zama palikuwa na aliyeshika mfuko na aliyeshika jembe. Nilitaka kujua ni lini walikuwa mtu mmoja, na ni lini walikuwa watu wawili wasiosalimiana.

Safari huanzia Bagamoyo, kwenye uwanja wa misafara ambao sasa una makumbusho madogo. Hapo ndipo mizigo ilipofungwa na kupimwa, kilo 30 hivi kwa kila mpagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kiliitwa merikani, kwa kuwa kilitoka Marekani kweli, kwenye viwanda vya pamba vya Massachusetts. Mikono minne ya kitambaa ilikuwa shuka, shuka mbili zilikuwa doti, na doti ndiyo noti iliyotumika mpaka ziwani. Kirangozi alitangulia mbele, na msafara wa watu mamia ukamfuata mmoja mmoja, maana njia yenyewe ilikuwa na upana wa unyayo tu.

Sultani wa Zanzibar alivuna sana kutokana na njia hii. Pembe za ndovu zilizoshuka pwani zilitozwa ushuru wa forodha, na forodha yenyewe aliikodisha kwa wafanyabiashara wa Kihindi waliomlipa kwa mwaka na kubaki na kilichozidi. Mapato yalikusanywa ufukweni, yakahesabiwa Unguja, yakaishia huko. Hakuna hata doti moja iliyorudi bara kufyeka kichaka au kuweka gogo juu ya kijito. Hapo nikaandika katika daftari langu: mfuko Unguja, jembe hakuna. Sikujua kwamba sentensi hiyo ningeikumbuka mara nyingi mbele ya safari.

Kutoka pwani njia ilivuka Mto Ruvu, ambao wageni wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kingani, ikapita Simbamweni palipo Morogoro ya leo, ikapanda milima ya Usagara na kushukia Mpwapwa. Mpwapwa ilikuwa na maji na kivuli, na kila msafara ulipumzika hapo, kwa sababu mbele yake kulikuwa na Marenga Mkali, nyika ambayo jina lake linatosha kukueleza maji yake yalivyokuwa. Watu walitembea usiku na mchana kuivuka. Baada ya hapo walikuwa Ugogo, na Ugogo ndiko hongo ilikokuwa na meno.

Wazungu waliopita huko, Burton na Speke mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, walivijaza vitabu vyao malalamiko. Waliona ni unyang'anyi. Nimevisoma vitabu hivyo, kisha nikaenda kuiona nchi yenyewe wakati wa kiangazi, na tangu hapo siwaungi mkono. Chukua kisima kimoja cha Ugogo mwezi wa Septemba. Kimechimbwa kwa mikono kwenye mchanga wa korongo, kina chake kimezidi kimo cha mtu, kimezungushiwa miiba ili ng'ombe wasitumbukie. Maji hujikusanya taratibu, kibuyu kwa kibuyu, na akina mama hupanga foleni tangu alfajiri. Sasa waongeze watu 500 wenye kiu ambao kesho hawapo. Wanakunywa maji ya wiki, wanakula mtama uliobaki ghalani, wanaondoka. Mtemi anayewaambia walipe kwanza anasema jambo ambalo kila mhandisi wa barabara anasema leo: anayetumia alipie anachokitumia.

Kasoro ya hongo ilikuwa kwingine. Ugogo haikuwa na mtawala mmoja. Watemi walikuwa wengi, kila mmoja na nchi yake ndogo, na kila mmoja alitoza kivyake. Ukimaliza kwa huyu, mwendo wa siku moja au mbili uko kwa mwingine, nguo zinafunguliwa upya na mabishano yanaanza upya. Hakuna aliyemuuliza mwenzake amepokea nini. Visima vilikuwa na wenyewe, lakini njia iliyoviunganisha haikuwa na mwenyewe. Mvua ikibomoa mteremko katikati ya nchi mbili, msafara ulizunguka, ukafanya njia nyingine pembeni, na ile ya zamani ikaota nyasi.

Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, ubishi wa nani atoze na nani asitoze ulileta vita. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya kwenda Ujiji kwa sababu wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora hawakutaka kumtambua kama mwenye haki ya ushuru. Stanley, aliyekuwa Kwihara akimtafuta Livingstone, ilimbidi azunguke kusini kwa wiki kadhaa. Tembe ya Kwihara ambamo wazungu hao wawili walikaa bado inatunzwa. Wageni huonyeshwa chumba cha Livingstone. Vita vya Mirambo hutajwa kwa haraka, ilhali kwangu mimi ndiyo habari kubwa ya mahali pale: barabara kuu ya nchi ilifungwa kwa sababu pande mbili hazikukubaliana juu ya mgawanyo wa mapato.

Wajerumani walipokuja waliifuta hongo, na mahali pake wakaweka kodi ya nyumba, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, kwa amri ya mwaka 1897. Watu wengi husimulia kodi hiyo kama fedha tu, lakini njiani ilikuwa zaidi ya fedha. Rupia zilikwenda boma. Barabara ilibaki kwa jumbe wa kijiji. Akida aliyekuwa juu yake alipita na kumwonyesha jumbe kipande chake, kutoka mbuyu huu hadi kijito kile, na jumbe akawatoa watu wake na majembe wakafyeke na kulima mpaka upana ufike ule Bwana Mkubwa anaoutaka. Waliolipa kodi na waliofyeka walikuwa watu walewale. Walitoa mfuko, wakatoa na jembe, na kiboko kikawa juu yao.

Kisha ikaja reli. Ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ilifuata njia ya msafara kwa ujumla, lakini ilikata kona zake, na kila kona iliyokatwa ni mji uliosahauliwa. Bagamoyo iliachwa pembeni. Mpwapwa iliachwa mlimani, treni ikasimama Gulwe. Kilimatinde, iliyokuwa na boma la Kijerumani juu ya bonde, ilitazama garimoshi likipita mbali kuelekea Manyoni. Nimepanda Kilimatinde jioni moja na kusimama mahali ambapo bonde lote liko wazi mbele yako, na nikaelewa jinsi uamuzi wa mtu mwenye rula mezani unavyoweza kuuondolea mji riziki yake bila kumpiga mtu hata kofi.

Chini ya Waingereza, Gavana Donald Cameron aliyefika mwaka 1925 alileta mpango ambao kwa mara ya kwanza ulikiri kwamba mfuko na jembe vinapaswa kukaa karibu. Sheria ya mwaka 1926 iliwapa watemi na machifu hadhi ya serikali za wenyeji, na kila serikali ikawa na hazina yake iliyorudishiwa sehemu ya kodi. Mvumi, ambako misafara ililipa hongo, ikawa chini ya Mtemi Mazengo, mtu ambaye jina lake kila aliyesoma Dodoma analijua kwa sababu ya shule iliyoitwa kwa jina lake. Mtemi hakupokea tena merikani. Alipokea mshahara, na hazina ililipa karani, tarishi na ukarabati wa njia ndogo. Barabara kuu zilikuwa za Idara ya Ujenzi, ile ambayo wazee bado wanaiita P.W.D. Asiye na shilingi za kodi aliweza kutumwa kuilipia kwa jasho, na jasho hilo mara nyingi liliishia barabarani.

Simsifu Cameron. Hazina zile zilikuwa ndogo, na wenye sauti ndani yake walikuwa wale ambao mkoloni aliwakubali. Lakini mpango wenyewe uliacha alama ambayo haijafutika: barabara za nchi zikagawanyika ngazi mbili, kubwa za serikali kuu na ndogo za wenyeji. Kila mabishano tunayoyasikia leo bungeni kuhusu barabara yamezaliwa katika mgawanyo huo.

Baada ya Uhuru, halmashauri za wilaya zilirithi kazi za serikali za wenyeji, na mwaka 1963 mamlaka ya kisheria ya machifu yalifutwa. Halmashauri zilirithi barabara, shule za msingi na zahanati, lakini vyanzo vyake vya mapato vilikuwa vichache na vikazidi kupungua. Mwaka 1972 Serikali iliamua kuzivunja. Mpango uliitwa Madaraka Mikoani, na kampuni ya washauri ya McKinsey kutoka Marekani ilishiriki kuuchora. Nia iliyotangazwa ilikuwa kupeleka maamuzi karibu na wananchi. Kilichofika mikoani ni maofisa wa serikali kuu. Diwani aliyejua kila korongo la kata yake aliondolewa, na mtu aliyeletwa kwa barua ya uhamisho akakalia kiti.

Nasema hivi kwa heshima kwa Mwalimu Nyerere, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema. Mwaka 1984, akizungumza na jarida moja la nje, alitaja kuvunjwa kwa serikali za mitaa na kuvunjwa kwa vyama vya ushirika kuwa mambo mawili ambayo angepewa nafasi ya kuanza upya asingeyafanya. Kiongozi anayekiri kosa la namna hiyo akiwa bado madarakani si wa kila siku. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, zikaanza kazi 1984, na Katiba ikaziwekea ibara zake, ya 145 na ya 146. Lakini miaka 12 ilikuwa imepita. Katika miaka hiyo barabara nyingi za vijijini zilikuwa zimekufa, na mazao yalikaa maghalani yakingoja lori lisiloweza kufika.

Inafaa nisimame kidogo Gulwe, kwenye reli, kwa sababu hakuna mahali katika njia hii panapoonyesha vizuri zaidi kazi iliyogawanywa vibaya. Kutoka Kilosa hadi Gulwe reli hutambaa kando ya mto, Mkondoa upande wa chini na Kinyasungwe upande wa juu. Wajerumani hawakuwa na pa kupitisha reli ila hapo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulipanda, ukamega tuta, reli zikaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Kigoma na Tabora zilikaa miezi bila treni ya abiria.

Sasa uliza ilikuwa kazi ya nani kuzuia. Reli yenyewe, yaani tuta, mataruma na madaraja, ilikuwa mali ya kampuni ya umma iliyoitwa RAHCO. Treni ziliendeshwa na TRL, iliyokuwa tangu 2007 na ubia wa kampuni ya RITES ya India kwa asilimia 51 na Serikali kwa asilimia 49. Mto ulikuwa chini ya mamlaka za maji. Bwawa la Kidete, ambalo lilikuwa likipunguza kasi ya mafuriko, lilikuwa limebomoka, na bwawa si kazi ya shirika la reli. Milima ya Mpwapwa na Kongwa, ambayo udongo wake ndio uliojaa kwenye mto na kuupandisha juu ya tuta, iko chini ya halmashauri, na halmashauri haina kasma ya kulinda reli. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake, na kila sehemu ikitazamwa peke yake ilikuwa na maelezo yake. Mto haukusoma maelezo. Ubia wa RITES ulivunjika muda si mrefu baadaye, na sheria ya mwaka 2017 ikaunganisha tena reli na treni chini ya shirika moja, TRC. Naiona kuwa hatua sahihi. Bado mto na mlima viko kwa wengine, na hapo ndipo pa kuangalia.

Tukirudi barabarani, mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Mfuko wa Barabara na Bodi yake. Kabla ya hapo tozo ya mafuta ilikuwepo, lakini haikuwa na bodi ya kuilinda. Sheria mpya ilisema jambo ambalo watemi wa Ugogo wangelielewa bila mkalimani: anayepita alipe, na anacholipa kirudi njiani. Si chini ya asilimia 90 ya fedha ilipaswa kwenda kwenye matengenezo na dharura, siyo kwenye miradi mipya ya kukatia utepe. Julai 2000 ikaanza kazi TANROADS, Wakala wa Barabara kuu na za mikoa. Barabara za wilaya zilibaki kwa halmashauri mpaka 2017, ilipoanzishwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Miaka miwili baadaye maji vijijini nayo yakafuata mkondo uleule, ikaundwa RUWASA.

Nilikuwa miongoni mwa walioipokea TARURA kwa mashaka. Wahandisi waliokuwa chini ya mkurugenzi wa halmashauri walihamishiwa kwenye wakala, na diwani aliyekuwa akimhoji mhandisi kwenye kikao cha Baraza akajikuta akimwomba. Nilikumbuka 1972. Lakini nimeona pia upande wa pili. Fedha za barabara zilizokuwa zikichanganyika na mahitaji mengine ya halmashauri sasa zina mlango wake, na wahandisi waliokuwa wamoja wamoja wilayani wana wenzao wa kuwasaidia. Kazi nyingine ni za kitaalamu mno kuachwa kila wilaya ihangaike nazo peke yake. Kinachokosekana ni kiti cha diwani mezani, chenye haki ya kuamua kipi kianze, siyo kiti cha kusikilizia taarifa.

Tatizo kubwa liko kwenye mgao. Mtandao wa TANROADS ni zaidi ya kilomita 36,000. Wa TARURA ni karibu kilomita 144,000. Yaani katika kila kilomita tano za barabara nchini, nne ni za TARURA. Na kwa miaka mingi mgawanyo wa Mfuko uliofuatwa ulikuwa asilimia 70 kwa barabara kuu na za mikoa, asilimia 30 kwa za wilaya. Sitaki kudanganya kwa hesabu: kilomita ya lami inayobeba malori ya Kongo na Rwanda haigharimu sawa na kilomita ya udongo inayobeba baiskeli za mkaa, na barabara kuu ikikatika nchi nzima inalala njaa. Mgawanyo kwa kilomita tupu ungekuwa upumbavu. Lakini asilimia 30 kwa barabara nne katika tano ndiyo sababu ya msemo unaousikia katika kila mkutano wa hadhara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji: barabara yetu ipandishwe hadhi. Wananchi hawaombi cheo cha barabara. Wameshatambua kwamba barabara ikihamia kwa mwenye mfuko mnene, greda litakuja. Kwa hiyo kila mbunge anapigania kuhamisha barabara yake, badala ya wote kupigania kunenepesha ule mfuko mwembamba.

Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli, kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Watu walilalamika, nami niliisikia kwenye nauli. Hata hivyo niliiunga mkono na ninaiunga mkono leo, kwa kuwa ni tozo yenye jina na mahali pa kwenda.

Jambo moja niliona kwa macho yangu, katika wilaya moja ya njia hii. Siitaji, wala ofisi zake. Barabara ya changarawe inaungana na barabara ya lami, na chini ya maungio kuna kalavati, bomba la zege ambalo mtoto angeweza kupita akiinama. Masika yaliyotangulia yalikuwa yamelijaza mchanga mpaka robo tatu. Maji yalipokosa pa kupita yalichimba pembeni, yakala bega la lami upande mmoja na kukata changarawe upande wa pili. Shimo lilikuwa na kina cha mapaja yangu. Ndani yake kulikuwa na kandambili moja, matawi, na gurudumu la baiskeli lililopinda.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo na koleo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea jiwe nikae.

"Mzee, hili ni la nani?" nikamuuliza.

"Mwanangu, nimekwenda ofisi ya kwanza, wakaniambia kalavati liko ndani ya hifadhi ya barabara ile nyingine. Nikaenda ya pili, wakasema linahudumia barabara ya wale wa kwanza. Wote waliongea nami vizuri, siwezi kuwasingizia. Waliniandikia na majina yao kwenye karatasi."

"Sasa koleo?"

"Mjukuu wangu anapita hapa kwenda shule."

Alikuwa ameshatoa mchanga wa karibu mita moja. Nilishika koleo tukapokezana mpaka jua lilipokuwa kali. Karatasi zile mbili alinionyesha. Zilikuwa zimekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa shati. Zote zilikuwa na muhuri. Kila ofisi ilikuwa na mipaka yake kwa mujibu wa sheria, na katikati ya mipaka hiyo miwili palikuwa na upana wa bomba moja la zege.

Makalavati ya maungio yapo maelfu nchini. Waraka mmoja wenye saini za pande mbili unatosha: kila maungio yaorodheshwe, kila kalavati lipewe mwenyewe, na fungu la kulizibua liandikwe mbele ya jina lake kabla ya Novemba, mvua za vuli zisitukute tunatafutana. Kazi isigawanywe bila fedha yake kugawanywa siku hiyohiyo, kwenye karatasi hiyohiyo.

Kila nikipita Dodoma nakumbuka kwamba mji huu uko katikati ya Ugogo. Mwaka 1973 chama tawala kiliamua makao makuu yahamie hapa, na leo nchi ambayo misafara ilisimama kulipia njia ndiyo nchi ambamo fedha za njia zote za Tanzania zinagawanywa. Bunge liko hapa. TAMISEMI iko hapa. Watemi hawapo, ngoma haipo, na anayelipa siku hizi haoni anayepokea.

Nilimaliza safari Ujiji, chini ya miembe ambayo wenyeji husema ilianzia kwenye kokwa za misafara. Tangu 2006 njia hii imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Dereva wa bodaboda aliyenipeleka alisimama kituoni akanunua lita mbili. Shilingi 200 kati ya alizolipa zilikuwa ile nyongeza ya barabara kama ya kwao. Tulipoacha lami alishusha miguu yote miwili, akaivusha pikipiki polepole kwenye tope.

Bunge la bajeti hukaa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Msomaji, kabla mbunge wako hajaondoka kwenda Dodoma, mwulize barabara ya kijiji chako imetengewa shilingi ngapi na iko chini ya ofisi ipi, na usikubali akujibu swali moja tu kati ya hayo mawili.